Umerithi Ndoo ya Sarafu za Mardi Gras: Namna ya Kuzithamini na Kuziuza

Mama mkwe wangu wa New Orleans alipofariki alituachia nyumba ya mbao, cherehani, na ndoo tatu za plastiki zilizojaa visarafu vya rangi: zambarau, kijani, dhahabu, buluu, waridi. Alividaka mwenyewe kwenye magwaride ya kanivali ya Mardi Gras, mwaka hadi mwaka, akisimama palepale kandokando ya barabara ya St. Charles Avenue. Siku ya tisa baada ya mazishi mtu alibisha hodi, akatoa pole, kisha akataka kununua ndoo zote tatu kwa dola 40. Mume wangu alikuwa na majonzi, hakuwa na nguvu ya kubishana, akasema achukue tu. Mimi nikakataa. Wiki moja baadaye, chini kabisa ya ndoo ya pili, nilikuta bahasha yenye vipande vitano vya fedha safi. Madini yake peke yake yalizidi hizo dola 40 mara kadhaa.

Waswahili tumeoa na kuolewa sehemu nyingi za Marekani, na mirathi ya namna hii inatufikia bila mtu wa kutuelekeza. Niliyoyajifunza nayaandika hapa kwa mpangilio ambao ningependa ningepewa siku ile ya kwanza.

Ni sarafu gani hizi?

Wenyeji huziita doubloon, jina la sarafu ya kale ya dhahabu ya Kihispania. Nitaziita dabluni. Si pesa, na hakuna benki itakayozipokea.

Kanivali ya New Orleans huanza tarehe 6 Januari na kufika kilele Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, ndiyo Mardi Gras yenyewe. Magwaride huandaliwa na vyama vya watu binafsi viitwavyo krewe, kila kimoja na mfalme wake, sare zake na magari yake ya mapambo. Aliyewahi kuwasikia wazee wa pwani wakisimulia habari za ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa sare na vyeo, ataelewa mara moja. Tofauti ni kwamba kwenye taarabu mtazamaji ndiye anayekwenda mbele kumtunza mwimbaji, lakini huku aliye juu ya gari ndiye anayewatunza watazamaji. Wao wanapiga kelele "Nirushie kitu, bwana!" na yeye anamwaga shanga, vikombe na dabluni.

Dabluni zilianza mwaka 1960 katika chama cha Rex. Aliyezibuni ni msanii wa New Orleans, H. Alvin Sharpe. Hofu ya wakubwa wa chama ilikuwa kwamba vipande vya chuma vingeumiza watu. Inasimuliwa kwamba Sharpe alichota vipande vya aluminiamu akamrushia kiongozi wa Rex usoni, ili aone mwenyewe kwamba havidhuru. Vyama vingine vikaiga upesi, na ndiyo maana mtu aliyekuwa binti miaka ya 1960 anaweza kuacha ndoo tatu.

Hatua ya kwanza: usioshe kitu

Nalitanguliza hili kwa sababu nimelikosea. Kulikuwa na dabluni moja ya bronzi, nyeusi, imefubaa. Nikaisugua kwa ndimu na chumvi kama tunavyosugua sinia za shaba nyumbani, ikatoka inang'aa. Nilipomwonyesha mkusanyaji mzoefu, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba ule weusi ulikuwa kazi ya kiwandani. Bronzi ile ilikuwa imetiwa dawa makusudi ifanane na kitu cha kale, nami nilikuwa nimeifuta. Mtu anayekusanya hawezi kuirudisha ilivyokuwa, basi haitaki tena.

Rangi za aluminiamu nazo si rangi ya kupaka. Hutiwa kwenye utando mwembamba sana juu ya madini. Sabuni kali, siki, soda au dawa ya meno huuharibu utando huo na rangi haina pa kushika tena. Vumbi lipulize au lifute kwa kitambaa laini kikavu. Zilizokuwa kwenye nyumba iliyofurika wakati wa kimbunga Katrina, Agosti 2005, zinaweza kuwa na tope lililokauka na unga mweupe wa kutu ya aluminiamu. Hizo loweka kwenye maji matupu, ziache zikauke zenyewe, basi. Vishimo vilivyokwisha kuliwa na kutu havifutiki.

Shika kila moja kwa ukingo. Zilizomo kwenye vifuko vya plastiki laini inayonukia kama pazia jipya la bafuni zitoe. Plastiki hiyo hutoa majimaji yanayoacha utando wa kijani juu ya fedha na bronzi. Zihamishie kwenye vifuko vya poliesta au fremu za karatasi ngumu zinazouzwa kwa ajili ya sarafu.

Hatua ya pili: tenga kwa madini

Usianze na miaka wala picha. Anza na uzito mkononi. Tandika shuka mezani, mwaga ndoo polepole, na uchambue kama unavyochambua mchele: nyepesi upande mmoja, nzito upande mwingine.

Nyepesi ni aluminiamu. Katika ndoo za watu waliosimama barabarani zitakuwa karibu zote, kwa kuwa ndizo zilizorushwa. Ukikuta aluminiamu nene kuliko wenzake, iweke kando, kwani vyama vilitengeneza pia matoleo manene kwa ajili ya wanachama na zawadi. Nzito hazikurushwa ovyo. Ziliuzwa kwa wanachama, au mpanda gari alimpa mtu mkononi. Kwa hiyo kila nzito ni dalili kwamba marehemu, au mtu wake wa karibu, alijuana na mtu ndani ya chama. Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba mjomba wake aliwahi kupanda gari la gwaride, na bahasha ile ikapata maelezo.

Nzito zenyewe zina namna zake. Ipo bronzi, yenye wekundu wa shaba au weusi uliotiwa dawa. Ipo ya enameli, yenye rangi zilizojazwa katika vijumba kama bangili ya nakshi. Na ipo fedha. Tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia: fedha safi kwa kawaida hupigwa chapa ya .999, na fedha ya masonara 925. Dabluni nyingi za fedha ni za wakia moja ya masonara, yaani gramu 31.1. Usichanganye na wakia ya kawaida ya mizani ya jikoni, ambayo ni gramu 28.35. Tofauti hiyo ikizidishwa kwa vipande kumi ni hasara ya kweli.

Jihadhari na kitu kinachoitwa fedha ya Kijerumani au fedha ya nikeli. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, hauna fedha hata chembe. Vilevile kuna bronzi iliyopakwa fedha juu tu. Sumaku haitakusaidia sana hapo, kwa sababu fedha, shaba na bronzi zote hazivutwi. Jaribio ninaloliamini ni la maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma sehemu za gramu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza dabluni kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa dabluni kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa karibu 10.5, bronzi chini kidogo ya 9, aluminiamu 2.7. Kipande cha gramu 31.1 cha fedha safi kitakuonyesha gramu 2.96 hivi. Kikionyesha 3.5, hicho ni bronzi iliyovaa nguo ya fedha. Ukimaliza kausha kwa kugusisha kitambaa, bila kusugua. Enameli usiitumbukize.

Hatua ya tatu: soma maandishi

Upande mmoja wa dabluni huwa na nembo ya chama, na upande wa pili dhamira ya gwaride la mwaka huo pamoja na mwaka wenyewe. Mtego unaowanasa wengi ni kwamba upande wa nembo mara nyingi hubeba mwaka wa kuanzishwa chama. Ukiona 1872 usikimbie kumwita mwanasheria. Huo ni mwaka Rex alipoanza, na hakuna dabluni ya Rex iliyotangulia 1960. Tena ukikuta maneno School of Design usiitupe ukidhani ni ya shule fulani, maana hilo ndilo jina rasmi la Rex.

Panga kwa chama, halafu ndani ya kila chama kwa mwaka. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayoongeza bei, kwa sababu mkusanyaji anatafuta mwaka uliompungukia. Aliye na Rex zote isipokuwa tatu atalipia hizo tatu vizuri zaidi kuliko mtu asiyekusanya atakavyolipia mia.

Vitu vya kutenga mara tu uvionapo:

Dabluni za Rex za mwaka 1960 na miaka inayofuata karibu. Kati ya zile za kwanza kabisa zipo zilizopigwa bila mwaka, kwa hiyo Rex isiyo na tarehe isikuponyoke.

Bacchus ya mwanzo. Chama hiki kilifanya gwaride la kwanza 1969, kikawa kinaalika watu mashuhuri wawe mfalme: mwigizaji Danny Kaye mwaka huo, mwigizaji Bob Hope 1973. Dabluni zake hubeba sura ya mfalme, kwa hiyo anaitafuta mkusanyaji wa kanivali na pia shabiki wa mwigizaji huyo.

Zulu, chama cha Wamarekani Weusi kilichoandamana kwanza 1909 na kusajiliwa 1916, maarufu kwa nazi zake zilizopambwa. Ukiikuta nazi yenyewe kwenye kabati, imetiwa rangi na kuandikwa mwaka, hiyo ni habari nyingine kabisa. Izungushie kitambaa na uiweke mbali na jua.

Vyama vilivyotoweka barabarani. Comus, aliyeanza 1857, na Momus wa 1872 waliacha magwaride kuanzia 1992, baraza la jiji lilipodai vyama vinavyoomba kibali visibague watu. Proteus naye aliondoka, akarudi 2000. Zaidi ya hao kuna vyama vidogo vingi vilivyodumu miaka michache na kufa. Jina usilolikuta popote usilidharau.

Mwaka 1979. Askari polisi wa New Orleans waligoma, magwaride ya mjini yakafutwa. Dabluni ya mwaka huo ina kisa cha kumsimulia mnunuzi.

Nyingine zitakuwa za matangazo ya maduka na baa, au za kumbukumbu zisizo na jina la chama, za kuuzia wageni. Hizo weka rundo lake. Na zile za Mobile, Alabama, usizichanganye na za New Orleans. Mobile wana kanivali yao ya kale sana na wakusanyaji wao.

Hali ya kipande pia ina uzito. New Orleans dabluni ikianguka chini, desturi ni kuikanyaga kwanza ndipo uiname, maana ukipeleka vidole utakanyagwa wewe. Ndiyo sababu nyingi zimekwaruzwa na lami. Isiyo na mkwaruzo ina bei yake.

Hatua ya nne: tazama kilichokuwa jirani na ndoo

Hapa naomba usiharakishe. Aliyehifadhi dabluni huwa alihifadhi na vingine, na mara nyingi vya karatasi ndivyo vyenye thamani kubwa. Kadi za mwaliko wa dansi za vyama, hasa za miaka ya 1870 na iliyofuata, zilichorwa na kuchapwa kwa ufundi wa hali ya juu, na minada huzipigania. Kadi za dansi, ambamo bibi aliandika majina ya atakaocheza nao, medali za utepe walizovaa maafisa wa Rex, pini na zawadi ndogo walizopewa mabibi ukumbini, vyote hivyo hukaa kwenye makasha ya viatu na familia huvitupa pamoja na risiti za umeme.

Shanga nazo zichungue. Kabla ya plastiki kutawala, shanga za kanivali zilikuwa za kioo, nyingi kutoka Chekoslovakia. Zina ubaridi ukizigusa kwa mdomo, na zikigongana zinalia kama glasi. Mkufu wa namna hiyo unaweza kuizidi bei gunia la shanga za plastiki.

Hatua ya tano: mirathi kwanza, soko baadaye

Louisiana haifuati sheria sawa na majimbo mengine. Misingi yake ni ya Kifaransa na Kihispania. Mtoto aliye na miaka 23 au chini, au asiyeweza kujitunza daima, ana fungu ambalo wasia hauwezi kumnyima pasipo sababu ya kisheria. Na pale marehemu asipoacha wasia, mjane au mgane anaweza kuwa na haki ya kutumia sehemu ya marehemu katika mali ya ndoa huku umiliki ukiwa wa watoto. Kwa ndoo ya dabluni jambo hili huonekana dogo, mpaka shemeji anaposikia kulikuwa na fedha ndani. Piga picha za kila kitu, watumie ndugu wote, pateni kauli moja kwa maandishi, na kama kuna kitu cha bei kubwa muulizeni mwanasheria wa mirathi kabla hakijatoka nyumbani.

Kuhusu kodi ya Marekani: mrithi hupimwa kwa thamani ya kitu siku ya kifo, si bei aliyonunulia marehemu. Andika thamani hiyo mapema, na uhifadhi ushahidi wake. Faida itakayozidi hapo, kwa vitu vya ukusanyaji, hutozwa hadi asilimia 28.

Hatua ya sita: kujua bei

Bei anayotangaza muuzaji mtandaoni si bei. Kila mtu anaweza kuandika dola 300 na kukaa nayo miaka mitano. Kwenye eBay chagua kuona vilivyouzwa tu, kisha tafuta kwa jina la chama, mwaka na madini. Chukua mauzo matano au sita ya kipande kilekile, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, tazama katikati.

Jiandae kuvunjika moyo kidogo. Aluminiamu za kawaida za miaka ya 1970 kuja huku zilipigwa kwa wingi mno, na moja peke yake mara nyingi haifiki dola. Huuzwa kwa mafungu au kwa ratili. Mume wangu aliumia kusikia hivyo, kwa kuwa yeye alikuwa akiziona kwa macho ya mama yake. Nadhani ni bora kuumia mapema na ukweli kuliko kuishi na tumaini ambalo mnunuzi wa kwanza atalivunja kwa maneno makali.

Fedha ina sakafu yake. Zidisha gramu kwa 0.999 (au 0.925 kwa fedha ya masonara), gawa kwa 31.1, zidisha kwa bei ya wakia ya siku hiyo. Usiuze chini sana ya hapo. Duka litapunguza kidogo, nalo lina haki ya kula, ila kidogo. Kisha uliza kama chama na mwaka vinaongeza kitu juu ya madini. Kwa bronzi na enameli madini si hoja. Zinategemea chama, mwaka, na idadi iliyotolewa.

Hatua ya saba: kuuza

Uza kati ya Krismasi na Mardi Gras. Sikukuu hii huhama na Pasaka, huangukia kati ya tarehe 3 Februari na 9 Machi, na wiki zinazoitangulia jiji zima lina kiu. Aprili hakuna anayekupigia simu.

Vipande vya bei viuze kimojakimoja mtandaoni, kwa picha za pande zote mbili na ukingo, mchana karibu na dirisha bila mwanga wa kamera. Andika kila kasoro. Aluminiamu zifunge kwa mafungu yenye maana: Rex kumi za miaka inayofuatana, za chama cha Endymion za muongo mmoja, au rangi zote za chama kimoja mwaka mmoja. Fungu lenye mantiki huuzika, lakini mchanganyiko wa kubahatisha humfanya mnunuzi ahisi kuwa nzuri zimeshachaguliwa.

Kadi za mwaliko na medali za zamani zipeleke kwenye nyumba ya mnada ya New Orleans kwenyewe, si ya mji mwingine, kwa sababu wanaozipenda wako pale. Uliza kamisheni kabla ya kuacha mzigo, uliza nani analipia picha na bima, uliza bei ya chini kabisa utakayolindwa nayo, na upewe orodha iliyosainiwa. Ukimwita dalali nyumbani, usimwache peke yake na ndoo. Nasema hivi si kwa kuwadhania watu wote vibaya. Kuna wauzaji waungwana, na mmoja alitukataza tusimuuzie kitu alichojua kingepata zaidi mnadani.

Mtu pia asisahau vyama vyenyewe. Chama kinachoadhimisha miaka yake hutafuta vitu vyake vya mwanzo, na jamaa wa aliyekuwa mfalme mwaka fulani atataka dabluni ya mwaka huo kuliko mkusanyaji yeyote.

Ukituma kwa posta, usiache dabluni zigongane. Zipange kwa safu kama biskuti, zungushia karatasi laini isiyo na wino, funga kwa mkanda wa karatasi na si wa plastiki, kisha jaza kisanduku mpaka ukitikisa kisilie. Fedha itume kwa bima na saini ya mpokeaji.

Kabla hamjatangaza chochote, kila mmoja wa familia achague zake. Mume wangu alichukua moja ya aluminiamu ya kijani, imekwaruzwa vibaya, haina thamani sokoni. Ni ya mwaka aliozaliwa, na mama yake aliidaka akiwa na mimba yake.

Zitakazobaki baada ya yote haya msizitupe jaani. Arc of Greater New Orleans hupokea shanga na vitu vilivyorushwa kwenye magwaride, wakavichambua na kuviuza tena kwa wapanda magari wa mwaka unaofuata, na kazi hiyo huwapa ajira watu wenye ulemavu wa akili. Ndoo mbili kati ya tatu zetu ziliishia huko, zimepangwa kwa vyama, na majina yameandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kila mfuko.